Kichwa cha Mama Suresh

Mdomo huokoa kichwa. Najua kwetu Unguja husemwa kuwa mdomo huponza kichwa, na bibi yangu alinipigia methali hiyo kila nilipojibu. Lakini mimi nimeona kichwa kikikaribia kuponzwa na kimya, na kichwa chenyewe kilikuwa cha Mama Suresh.

Ilikuwa majira ya baridi baada ya Wahindi kufukuzwa Uganda. Nilikuwa mwanafunzi wa uuguzi katika hospitali ya wagonjwa wa akili, kaskazini mwa London. Mama Suresh, ambaye jina lake hasa ni Daksha, aliletwa na mwanawe kutoka Wembley. Alizaliwa Mombasa, akaolewa Jinja, akauza vitenge huko mpaka siku ya kuondoka. Yeye alikuwa na pasipoti ya Uingereza. Mumewe, Vinod, hakuwa na pasipoti ya nchi yoyote, akapelekwa kambi ya wakimbizi Austria. Tangu aliposhuka kwenye ndege, mama huyu hakumjibu mtu. Daktari alisema ni maradhi yaliyomfunga ulimi.

Asubuhi moja nilikuwa nikimtandikia kitanda, nikanung'unika peke yangu, "Shuka hili limefuliwa, au limeonyeshwa maji tu?"

"Limeonyeshwa," ikajibu sauti nyuma yangu.

Nusura niangushe mto. "Mama Suresh! Kumbe unasema?"

"Na wewe nasema. Nimemwekea Mungu nadhiri, Kigujarati sikitii mdomoni mpaka baba yake Suresh afike. Kiingereza sikijui. Kiswahili sikukitaja."

"Umemfanyia Mungu ujanja wa dukani!"

"Nimekaa dukani maisha yangu yote, mwanangu. Ukifunga mlango wa mbele, wa uani unauacha wazi."

"Na Suresh je? Yeye si anakijua Kiswahili?"

Akatazama dirishani. "Nilimsemesha siku ya kwanza. Akaniambia, Mama, hiyo lugha ya jikoni tuliiacha Jinja. Basi nikamwacha na Kiingereza chake."

Kisha akalia. Simwambii mtu kwamba mama yule alikuwa mzima. Usingizi ulimkimbia, chakula hakikupita, huzuni ilimkalia kifuani kama jiwe la kusagia. Ila akili yake alikuwa nayo.

Nilimwomba ruhusa nimwambie sista wa wodi kwamba anasema. Akaniruhusu, mradi habari ya nadhiri nimwachie mwenyewe. Sista hata kichwa hakuinua. "Mwanawe anasema hasemi. Na wewe, Mardhiya, humu wodini ni Kiingereza tu."

Wiki ile ile daktari akaamua Mama Suresh apewe matibabu ya umeme. Hakuwa amezuiliwa kwa amri ya sheria. Alilazwa kwa hiari, na darasani tulifundishwa kwamba mgonjwa wa namna hiyo hapewi umeme bila idhini yake mwenyewe. Yake, si ya mumewe wala mwanawe. Lakini daktari alimgeukia Suresh. "Mama yako amekubali?"

Suresh alimuuliza mamake kwa Kigujarati. Mama akabana midomo.

"Amekubali," Suresh akasema. "Kwetu mama akinyamaza amekubali." Akachukua kalamu atie saini.

Hakuwa mtoto mbaya. Shati lilimpwaya, macho yalimwiva kwa kukesha, alimtaka mama yake wa zamani arudi. Hata hivyo kichwa hakikuwa chake.

Nikasogea kitandani, nikasema kwa Kiswahili mbele yao wote, "Mama Suresh, wanataka kukulaza usingizi wakupitishe umeme kichwani. Kuna wanaopata nafuu. Kuna wanaosahau mambo. Unataka?"

"Sitaki! Nisahau nini, sura ya mume wangu?"

"Amesema nini?" daktari akauliza.

"Amekataa."

"Amekataa yeye, au wewe?"

Swali la haki, nakiri. Mle ndani aliyeweza kulijibu ni Suresh peke yake. Akatazama viatu vyake. "Mimi hiyo lugha siielewi, daktari. Ni ya watumishi."

Mama Suresh akacheka, kicheko cha kwanza nilichomsikia. "Huielewi? Na nani aliyekuwa akimlilia yaya Restuta, nibebe, nibebe, mpaka ameota ndevu?"

"Mama! Ndevu sikuwa nazo!" Suresh akaruka, kwa Kiswahili kilichonyooka.

Suresh akajishika mdomo, kisha akakaa polepole ukingoni mwa kitanda.

"Mwambie daktari," mamake akasema, kwa upole sasa. "Nataka neno litoke kwako, mwanangu, si kwa huyu binti."

Suresh akairudisha kalamu. "Mama yangu anasema hapana," akamwambia daktari kwa Kiingereza. "Amesema wazi, nami nimemwelewa."

Umeme haukutiwa. Mama Suresh hakupona siku ile. Alilia siku nyingi, alilia kwa Kiswahili, na kila jioni mwanawe alikaa naye akamjibu kwa lugha hiyo hiyo.

Mimi niliitwa kwa metroni, mkuu wa wauguzi wote. Hakuniambia nikae.

"Ulimkatiza daktari mbele ya wagonjwa. Ulisema lugha ya kigeni wodini baada ya kukatazwa. Utakwenda kumwomba daktari radhi leo, au nitaipeleka habari yako kwa mkuu wa chuo, na mafunzo yako yataishia hapo."

"Lugha ile si ngeni kwa mgonjwa, metroni."

"Sikukuuliza hilo."

"Najua. Mgonjwa pia hakuulizwa."

Uso ukamwiva. "Kwa hiyo?"

"Kwa hiyo nifukuze ukitaka. Radhi siombi."