Sifa Bila Mashaallah

Mimi sina jicho baya. Naanza na hilo kwa sababu mpaka leo ukienda mtaa wa Fereej Bin Mahmoud, Doha, ukamuulizia Twaha dereva, Mswahili yeyote atakujibu, "Yupi, yule mwenye jicho?" Nimezaliwa Pangani, nimekula na watu, nimezika watu, na sijawahi kukitazama cha mtu kikaharibika. Balaa hili lilinikuta Doha, na lilinikuta kwa sababu nilifungua mdomo nikamsifu mwanamke anayestahili sifa.

Mwanamke mwenyewe ni Bi Mwanamkuu, Mzanzibari, mpishi wa familia moja kule Al Wakrah, nje ya Doha. Alikuwa mtu mzima, mpole, mwenye kucheka kwa pumzi bila sauti. Baba yake alimfundisha kupiga ganuni tangu akiwa msichana: lile sanduku la mbao lenye nyuzi sabini na ushei, unalilaza mapajani na kulidonoa kwa vikucha vilivyobanwa kwa pete kwenye vidole vya shahada. Wanaume wapigao ganuni wapo. Mwanamke apigaye, akaimba, na wimbo akautunga mwenyewe, mimi sikuwa nimemwona ila yeye.

Na watu wetu walimfanyia nini? Walimwagiza nyimbo kama unavyoagiza chai. "Bi Mwanamkuu, tupigie ile ya harusi." Akianza wake mwenyewe, ndipo sambusa zinapoletwa, ndipo mtu anapokumbuka kupiga simu Mombasa. Mimi ndiye niliyekuwa nikimchukua Al Wakrah kila Ijumaa, siku yake ya mapumziko, kumpeleka mjini kwa Da Rukia, mwenyekiti wa akina mama wa Kitanzania, aliyekuwa na sebule kubwa ya kutosha watu wote. Nilikaa mbele kabisa nikasikiliza. Iliniuma sana kuona nasikiliza peke yangu.

Basi Idi ya mwaka 2012 nikapewa kipaza sauti niwe mshereheshaji, nikasema leo watanisikia. Nikamsifu Bi Mwanamkuu kwa moyo wangu wote. Nikasema hao wapiga ganuni wa mahoteli ya ufukweni Corniche waje wakae chini wafundishwe. Nikasema tuna hazina ndani ya nyumba na sisi tunaipitishia sahani za pilau juu ya kichwa. Nikasema vidole vile havina mwenzake Afrika Mashariki nzima. Nilipomaliza, Bi Mwanamkuu akainama, akadonoa, na uzi ukakatika ta! ukamchapa shavuni.

Damu ilitoka kidogo tu. Lakini watu hawakumtazama yeye. Walinigeukia mimi.

"Twaha!" Da Rukia akasimama. "Maneno yote hayo, na mashaallah hukusema?"

"Da Rukia, ganuni imetoka kwenye buti la gari, mwezi wa nane huu! Imekuja kuingizwa kwenye kiyoyozi chako kama friji ya samaki. Kile kipande cha ngozi kinachobeba nyuzi kimelegea, kimekaza, uzi utaacha kukatika?"

"Hajasema," wakaambiana. "Kasifu weee, hajasema."

Wanjiru, nesi Mkenya aliyekuwa jirani wa Da Rukia, alikuwa anambandika Bi Mwanamkuu plasta. Nikamgeukia, nikijua huyu kasoma, tena ni Mkristo, atanitetea.

"Aki Twaha," akasema, "si ungesema tu hiyo kitu mnasemanga? Ni neno moja tu, na sasa ona mathe wa watu ameumia."

Hata Wanjiru!

Mwezi uliofuata palikuwa na posa, nikaomba kipaza sauti tena ili nijisafishe. Nilisema mashaallah mwanzo, nikaisema katikati, nikaisema mwisho. Na ganuni ilikuwa imetoka kwenye buti lilelile kuingia kwenye baridi ileile, maana nilipowaambia wazime kiyoyozi kwanza waliniona nimechanganyikiwa. Bi Mwanamkuu alikuwa bado anakaza nyuzi kwa ufunguo wake, zikakatika mbili kwa mpigo.

"Umeitamka kama unasoma namba ya simu," Da Rukia akaniambia. "Haikutoka moyoni."

"Hasidi hana sababu," mtu akasema nyuma yangu. Nikageuka kumtafuta aliyesema, wote wakawa wanatazama sahani zao. Nilikasirika mpaka nikaondoka bila viatu, ikabidi nirudi kuvifuata.

Jioni ile nikimrudisha Al Wakrah, Bi Mwanamkuu aliukunja na kuukunjua uzi mmoja uliokatika mpaka tulipopita uwanja wa ndege. Kisha akasema, "Twaha mdogo wangu, nakuomba usichukie. Nyuzi hizi naagizia Misri, na huchukua muda kufika. Ukinifikisha pale kwa Rukia, n'nakuomba usipande juu."

"Na wewe unaamini, Bi Mwanamkuu?"

"Sijui naamini nini. Lakini uzi ukikatika, anayenyamaza ni miye. Wewe hunyamazi."

Tangu siku ile nikawa namfikisha mlango wa chini, namkabidhi ganuni yake, narudi. Nilikaa kwenye gari mbele ya duka la Mmalayali, Mhindi wa Kerala, nikitazama maji ya viyoyozi yakidondoka ukutani. Kutoka ghorofa ya nne sikusikia hata mdonoo mmoja. Shabiki wake wa pekee mji mzima nimekaa chini nalinda gari, na juu wamejaa wanaokula.

Na walichokifanya huko juu ndicho kilichonichoma zaidi. Wanjiru alinieleza kwamba hofu ilikuwa imewaingia wote. Hakuna aliyethubutu kumsifu Bi Mwanamkuu tena asije akaitwa Twaha wa pili. Akimaliza wimbo wanasema mashaallah, wanasogea mezani. Da Rukia ana methali yake, "Mgema akisifiwa tembo hulitia maji," basi na hiyo wakaifanya dawa. Huyu mgema alikuwa hajasifiwa na mtu, hayo maji angeyatia ya nini?

Ungeniuliza kwa nini sikuacha kumwendesha. Sikuacha kwa sababu ya njia ya kurudi. Akishafunga mkanda, huanza kuimba polepole wimbo aliokuwa akiutunga, kipande leo, kipande Ijumaa nyingine. Ulikuwa wimbo wa mpishi. Mara ameupata mstari, mara ameutupa, na tukifika Al Wakrah anashuka katikati ya ubeti. Nilikuwa na vipande vyake kichwani na nilitaka kuusikia mzima, kwa ganuni yake, mara moja tu. Sikuwa na shida nyingine ya maana.

Mwaka 2013, mwezi wa sita, akaniambia anarudi kwao moja kwa moja. Watoto wa ile nyumba walikuwa wamekua, madam hamhitaji tena. Ijumaa inayofuata angepiga kwa mara ya mwisho, na angeupiga wimbo wenyewe. Nikamsihi aniruhusu kupanda. Nilimsihi kwa namna ambayo sijamsihi hata kafili wangu, mwajiri mwenye kibali changu cha kuishi.

Akafikiri. "Panda. Lakini ukae nyuma, na sifa isikutoke. Hata ya kichwa."

"Hata nisitikise kichwa?"

"Hata hicho. Niapie."

Nikaapa. Ijumaa yenyewe ganuni nikaiweka kiti cha mbele, si kwenye buti. Nikawahi kwa Da Rukia saa nane mchana, nikambembeleza azime kiyoyozi mpaka chombo kizoee chumba. "Unataka kutuoka?" akasema, lakini akazima, kwa heshima ya anayeondoka. Watu walipofika walijipepea kwa mitandio na visahani wakinilaani waziwazi. Mimi nikakaa nyuma kabisa, karibu na viatu, mdomo nimeufunga.

Akapiga. Alianza chini, nyuzi nene, akapanda taratibu, na hakuna uzi uliokatika. Kisha akaimba:

*Napika nisichokila, naonja kisha natema,*
*waniuliza chakula, mimi najibu ni chema;*
*wanangu huko walala, hawakijui cha mama.*

Ile kuonja na kutema ni Ramadhani, mpishi amefunga na chumvi ya watu lazima aijue. Nilikuwa nimeusikia mstari ule garini mara nyingi, nikadhani nimeuelewa. Kwa ganuni ulikuwa kitu kingine. Kila alipofika "cha mama" aliuacha uzi mmoja ulie peke yake mpaka ufe, ndipo aendelee. Nilibana meno. Machozi yalinitoka nikayaacha, maana machozi hakuyakataza. Mbele yangu kijana mmoja alikuwa anatafuta mtandao kwenye simu, na dada wawili walikuwa wanauliziana aliyeleta maandazi.

Alipomaliza akazilaza nyuzi kwa viganja. Kila mtu alimtazama mwenziwe aone nani ataanza, na hakuna aliyeanza.

"Mashaallah, mashaallah," Da Rukia akasema. "Haya jamani, chakula tayari, karibuni. Na hicho kiyoyozi kiwashwe."

Bi Mwanamkuu akainua uso, akanitafuta juu ya vichwa vya watu mpaka akaniona. Nilikuwa nimeapa. Nikatazama zulia.

Unajua Da Rukia alisema nini akipakua? "Mnaona? Leo Twaha kanyamaza, hakuna uzi uliokatika." Wote wakaitikia, na wakaamini zaidi. Kiyoyozi nilichokizimisha mimi, jasho walilolitoa wao, hayo hayakuhesabika. Nilikula pilau ile kama nameza mchanga.

Siku ya safari nikampeleka uwanja wa ndege. Sanduku moja la nguo, na ganuni kwenye mfuko wake wa kitambaa, ameikumbatia. Mbele ya mlango wa wasafiri akasimama.

"Twaha, ulikuwaje wimbo wangu?"

"Ulinikataza nisisifu."

"Nilikukataza Ijumaa. Leo nakuuliza. Pale hakuna aliyeniambia kitu, si uzuri si ubaya. Miaka mitatu nimeutunga nikikoroga vyungu vya watu. Na'taka nikisikie kwako, kwa sababu wewe ulikuwa ukisikiliza. Sema chochote."

Nilikuwa na maneno ya kutosha kujaza uwanja ule. Nilikuwa nayo kifuani yananisukuma. Nikafungua mdomo, na macho yangu yakaangukia ule mfuko mikononi mwake. Nikaona safari ya ndege kupitia Muscat mpaka Unguja, nikaona anafika, anaufungua mbele ya wanawe, na nyuzi zimelala zimekatika zote. Mimi! Mimi niliyegombana na nusu ya Doha kwamba ni joto na baridi tu! Ulimi ukakataa.

"Haukuwa mbaya," nikasema.

Alingoja kidogo, labda kuna linalofuata. Polisi akaanza kunipigia filimbi nitoe gari. Akaurekebisha mtandio wake, akasema, "Ahsante, mdogo wangu," akaingia ndani.

Alinipigia simu wiki ile ile kunijulisha kwamba amefika salama. Ganuni nayo imefika, akasema, hakuna hata uzi uliolegea. Nikamuuliza ule wimbo ataupiga lini huko nyumbani, watu wausikie.

"Upi?" akasema. "Aa, ule nimeuacha."