Bakuli la Makaroni

...na bakuli ni lile lile, la kioo, la kuokea, Verlene angelijua hata likiwa kwapani mwa mwizi, chini lina utepe mweupe wenye jina lake, akina mama wa kanisa lao huandika hivyo ili vyombo vya msibani vijue njia ya kurudi, na hili halikurudi mwaka mzima, na leo Lurene amesimama nalo nje ya mlango wa wavu, anagonga kwa kifundo kimoja, taratibu, kama mtu aliyelelewa, "Bi Verlene, miguu yako naiona hapo, usijifanye fenicha," Mungu wangu, anatania, mwanamke aliyezika mwanawe anatania, na mkono wa Verlene uko kwenye komeo, hauendi mbele wala nyuma... makaroni yale aliyapika mwenyewe, jibini ya aina tatu, akayapeleka asubuhi baada ya Cortland, mtoto wa Lurene, kupigwa risasi, akamkumbatia Lurene, akawalaani polisi kwa sauti kuliko wote, mdomo mkubwa, na jioni Rodell, mwanawe yeye Verlene, akaingia na sare zake za polisi, akakaa mezani, akasema risasi ni yake, alikosea nyumba, alipita mlango wa nyuma, Cortland alikuwa anakaanga samaki, akageuka na mwiko mkononi... "Ulimwambia wewe ni askari?" "Sikusema kitu, Mama. Hata mlango sikugonga." Na mama gani huyo, akampakulia, akamwambia kula, halafu akamwambia hilo usimwambie mtu, ndiyo, yeye, mdomo ule ule unaoimba mstari wa mbele, na leo mahakamani Rodell ameapa kwamba aliita "Polisi!" mara tatu, na yeye nyuma yake na kofia ya zambarau, wakili ndiye aliyeitaka kofia, wale watu kumi na wawili wa kuamua kesi waone askari ametoka nyumba ya dini, pambo, alikaa pale kama pambo, na yule mwendesha mashtaka mfupi alipomuuliza koridoni, "Hakukwambia lolote, mama?" akasema hakuniambia, na kutabasamu akatabasamu...

"Bi Verlene, naungua vidole mwenzio," naungua? basi kuna kitu ndani, viazi vitamu hivyo, na kungumanga, pai, amelijaza, msibani kwake mwenyewe amewasha oveni akamwokea mama wa muuaji... neno limemtoka, kichwani tu, lakini limetoka na halirudi. "Sikuja kwa mambo ya kesi," anasema Lurene, "nimeleta chombo chako. Ningekiweka jikoni, mlango wa nyuma uko wazi, ila mimi siingii kwa mtu bila kugonga," na hapo Verlene anaona aibu, akifungua na kusema asante atalila pai hili vipi, kwa meno gani, na akisema lile jingine, Rodell anakwenda jela, Rodell aliyemfundisha kufunga kamba za viatu kwenye ngazi hizi hizi anazosimama Lurene... kesho, kabla wale kumi na wawili hawajafungiwa chumbani, atamtafuta yule mfupi wa mashtaka, bila kofia, lakini huyu kwanza, huyu asikie kwanza, "Gonga tena," anasema Verlene, "gonga, Lurene, nakuja." "We mwanamke una wazimu," anasema Lurene, na anagonga, kifundo kimoja, taratibu, na mkono wa Verlene bado uko kwenye komeo.