Bakuli Lisilooshwa kwa Sabuni

Jumanne, tarehe tisa mwezi wa tatu, saa tatu asubuhi, mkurugenzi wa kituo chetu cha utafiti aliingia chumba cha minyoo ya baharini na dumu la sabuni, akaamuru kila bakuli ling'ae kama kioo cha ofisi yake. Nikaosha. Marehemu mke wangu, aliyeifanya kazi hiyo kwa miaka kumi na tisa kabla yangu, hakutumia chochote ila maji ya bahari. Nilijua. Lakini mtu aliyeishia darasa la nne atamfundisha nini mkubwa?

Binti yangu, mtafiti wa chumba kile, alikuwa safarini. Aliporudi, mayai yakawa yanaoza tu. Mbegu za dume zilikufa kabla hazijayafikia. Mkurugenzi akamtupia yeye lawama: mayai yasiporutubika mwezi huu, chumba kinafungwa. Nikanyamaza hadi binti akabakiwa na jike mmoja, maana jike wa minyoo hii hutaga mara moja tu, akafa. Hapo nikamweleza habari ya sabuni.

"Baba! Kwa nini hukusema?"

"Nimwambie bosi wako kwamba mama yako alijua kuliko yeye?"

"Ungeniambia mimi."

Nikachukua bakuli jipya, nikalisuuza kwa maji ya bahari mara saba.

"Unalibembeleza kama kitoto kichanga," akanitania.

"Wewe hukuogeshwa hivi. Ulikuwa unapiga mateke."

Akamtia jike, kisha dume. Dume akamzunguka mbiombio, kama bwana harusi asiyejua kucheza, maji yakaingia ukungu mweupe wa mbegu zake. Jike akajipinda, akamwaga mayai yote aliyokuwa nayo, kisha akazama taratibu, mtupu kama soksi iliyovuliwa.

Binti akainamia hadubini. "Yai likirutubika hutoa uteute, likayasukuma mengine. Yakibaki yamegandamana, Baba, ndiyo basi tena."

Tukangoja. Mkono wangu ulikuwa umeushika wake. Tangu mazishi sikuwahi kuushika.

"Yanaachana! Njoo uone!"

Nikaona. Vidonge vidogo, kila kimoja kimejitengea nafasi yake. Binti alikuwa akicheka na kufuta machozi kwa kiwiko. Mama yake alifariki wiki moja kabla barua ya kumwajiri binti hapa haijafika.

Nikamtazama yule jike aliyelala chini ya bakuli.

"Mwanangu, huyu alipokuwa anakwenda, alijua kwamba yameshika?"