Nambari ya Victoire

Kamate hakuwa mtu wa kujisifu, ila ukimgusa kwenye jambo moja tu, ungekaa hapo mpaka chai ipoe. Jambo lenyewe ni mbio za magari. Zamani za Zaire, wenye mashamba ya kahawa wa Kivu walikuwa wakishindana kwa magari kutoka Goma mpaka Butembo na kurudi, na Kamate alikuwa akikaa kando ya dereva, kipimo mbele ya magoti yake, kazi yake kusoma umbali. Dereva anakanyaga mafuta, Kamate anasema: bado mita mia mbili, kona kali, kushoto. Akikosea kidogo, mnalala bondeni. Hakukosea, na ndiyo maana alizeeka.

Kipimo chenyewe kilikuwa kisanduku cha chuma, chenye dirisha la nambari, kikizungushwa na waya mrefu uliotoka kwenye giaboksi. Kilihesabu kilomita, na ndani ya kilomita kikahesabu mita kumi kumi. Ubavuni kilikuwa na kishikio kidogo, na hicho ndicho kilichomtenga fundi na mbabaishaji. Mkipotea mkageuza gari, unasukuma kishikio nyuma, nambari zinaanza kupungua. Mkigeuka tena kwenda mbele, unakirudisha. Mkifika pale mlipogeuzia, kipimo kinasoma kana kwamba hamkuwahi kupotea. Ukisahau kukisukuma, safari ya kurudi nayo inaongezwa juu ya ile ya kwenda, na tangu hapo unasoma uongo mtupu. Kamate alikuwa akisema kwamba mkono wake wa kuume unakijua kishikio kile hata akiwa usingizini.

Siku hizi kipimo kilikaa juu ya kabati, nyumbani kwao, mtaa wa Birere mjini Goma, kimefungwa kwa kipande cha kitenge, na nambari zake zimesimama. Kilomita kumi na moja na mita mia nne sitini. Hakuna aliyeruhusiwa kukigusa, hata kukifuta vumbi. Nambari ile ilikuwa kaburi la Victoire.

Ilikuwa hivi. Mwaka wa tisini na sita, vita vilipoingia Goma, tajiri wa kahawa alikuwa amekwisha kujiondokea na kumwachia Kamate Peugeot yake, kipimo kikiwa bado ndani. Kamate akampakia mkewe Masika na mtoto wao wa pekee, Victoire, mwenye miaka mitano na homa kali. Masika alibanwa kiti cha nyuma kati ya magodoro na majirani. Mtoto alilazwa kiti cha mbele, kando ya baba yake aliyeshika usukani. Mbele ya geti la parokia, kwa mazoea tu, Kamate alirudisha nambari kwenye sifuri, wakaingia barabara ya Sake pamoja na mji mzima.

Njiani Masika akalia kwamba mama yake, aliyekuwa akija kwa miguu, haonekani. Wakageuza gari kumtafuta. Hawakumpata, umati ukawakaba, wakageuka tena. Walipokuwa wamepita Mugunga, Kamate alisimamisha gari akasema mtoto amefariki. Wakamzika jioni ileile, kando ya barabara, upande wa kushoto, penye udongo laini, wakichimba kwa sufuria na chuma cha kufungulia tairi. Kisha Kamate akachomoa waya ili nambari zisisogee, akakifungua kipimo akakibeba kifuani. Walipofika Sake askari wakachukua gari. Kipimo hawakukitaka.

Utauliza kwa nini miaka yote hiyo hawakurudi kuweka hata msalaba. Sababu hazikukosekana. Leo askari, kesho lava ya volkano imeshuka imefunika sehemu ya mji, keshokutwa vita vingine na kambi nyingine. Lakini ukweli ni kwamba Masika alitulizwa na nambari. Kila alipolia, Kamate alimwambia nambari iko, siku yoyote nitakupeleka. Na mtu akishapewa siku yoyote, anaweza kuishi nayo muda mrefu sana.

Mwaka huu Masika akaugua tumbo, akakonda mpaka pete ikawa inamtoka kidoleni. Alijua anakokwenda, wala hakujidanganya.

"Papa Victoire," alisema asubuhi moja, "mimi sitapona. Nikikufa munizike ku mutoto. Hapana ku simitieri, ku makaburi ya batu. Ku mutoto."

"Nambari iko," Kamate akajibu.

"Nambari niliisikia. Sasa nataka nione fasi alilala."

Basi kikashushwa kabatini. Samy, mtoto wa dada yake Kamate, alikuwa na Carina kuukuu ya teksi, ya zile zenye waya wa kilomita bado, na mzee akakifunga kipimo humo mwenyewe. Kwanza alimlazimisha Samy ajaze upepo matairi yote sawasawa. Samy akamwambia muzee, twende tu, ni karibu. Kamate akamtazama kama mtu aliyetukaniwa mama. Tairi laini linadanganya, alimweleza, na tairi dogo linazunguka mara nyingi kuliko kubwa, kwa hiyo kilomita ya Carina si kilomita ya Peugeot. Lazima ujue gari lako linadanganya kwa kiasi gani, kisha ndipo uliamini.

Akarudisha nambari kwenye sifuri mbele ya geti la parokia. Kwa Peugeot, kutoka hapo mpaka njia ya kuingilia ziwa la Lac Vert ilikuwa kilomita saba na mita mia tisa ishirini. Alilijua hilo kama jina lake. Walipofika hapo Carina ilisoma nane na mia moja hamsini. Mzee akafumba macho, akapiga hesabu kichwani. Kwa Carina, alisema, mtoto yuko kilomita kumi na moja na mita mia saba tisini. Masika, aliyelala kiti cha nyuma, akatabasamu kwa mara ya kwanza mwezi ule.

Upande wa Sake mabomu yalikuwa yakilia, na watu waliendelea kuja na magodoro vichwani, wengine wakiifuata barabara hiyohiyo ambayo wazazi wao waliifuata. Kamate hakuwaangalia. Alikuwa akisoma. Mita mia tatu. Mita mia. Simama.

Upande wa kushoto ilikuwa kambi. Hema kwa hema, yote ya mashiti meupe ya plastiki, mpaka chini ya kilima. Mahali penyewe, hatua chache tu kutoka barabarani, palikaa mama mmoja aliyekimbia vita Masisi, aitwaye Nyirarukundo, na alikuwa akipepeta maharage mlangoni pa hema lake. Kamate alivua kofia, akamweleza, akitafuta maneno. Yule mama hakuuliza mengi.

"Na miye niliacha wangu kule, muzee," alisema. "Sijue nani atabachimbia kaburi." Akaingia, akatoa mkeka, sufuria na nguo, akawaachia hema.

Samy akapiga sururu. Chini ya majivu na vumbi kulikuwa na jiwe. Akasogea kidogo, jiwe. Akatoka nje ya hema, akajaribu mita kumi mbele na mita kumi nyuma, maana kipimo hakihesabu chini ya mita kumi. Ilikuwa lava ya kale, bamba moja zima, tangu lilipopoa halijawahi kupasuliwa na mtu. Sufuria haikuchimba pale. Hata sururu ilitoa cheche tu. Samy akaketi chini akalamba malengelenge, na jirani wa Nyirarukundo akauliza kama wanatafuta maji.

Kamate alirudi garini. Akakagua waya, akakagua matairi, akarudia hesabu kwa sauti. Kila kitu kilikuwa sawa.

"Iko hapa," alisema. "Inapashwa kuwa hapa."

Masika alikuwa ameegemea mlango uliofunguliwa, akimtazama. "Siku ile tuligeuza kutafuta mama," alisema, "ulisukuma ile kishikio?"

"Nilisukuma. Mukono yangu haisahau."

"Mukono yako ya kuume?"

"Ya kuume."

"Mukono yako ya kuume ilikuwa ku kichwa ya mutoto, papa Victoire. Nilikuwa nyuma yako, niliiangalia njia yote. Ulikuwa unaitosha kwa kubadilisha vitesi ya gari tu, halafu unairudisha. Tangu pale tuligeuza, mupaka pale ulisimama."

Kamate alikitazama kishikio. Katika mbio, usukani ulikuwa na mtu wake na kipimo kilikuwa na mtu wake. Miaka yote hakuwa amewaza kwamba siku ile alikuwa watu wawili. Alijaribu kuikumbuka baridi ya kile kishikio kidoleni siku ile, na hakuikumbuka. Alichokumbuka ni nywele za mtoto.

"Tulirudia nyuma kilomita ngapi?" aliuliza.

"Sijue. Moja. Moja na nusu. Batu walikuwa bengi."

Basi Victoire alikuwa nyuma yao, mahali popote kati ya hapo na Lac Vert, chini ya hema la mtu, au choo, au chini ya barabara yenyewe, ambayo ilikuwa imepanuliwa. Ile nambari iliyokaa juu ya kabati haikuwa imeonyesha kitu chochote hata siku moja. Samy alielewa, akageuka akajifanya anafuta kioo.

"Nilikuwa naona unamubembeleza," Masika akaendelea, taratibu, akitafuta pumzi. "Nikasema moyoni, ni vizuri, amelala."

Mzee alisogea karibu na mlango wa gari, Nyirarukundo akirudisha sufuria zake ndani.

"Haikuwa usingizi," alisema. "Mwili yake ilipoa palepale tuligeuza. Tulikuwa tunatafuta mama yako, na wewe ulikuwa unalia. Nikasema, nikitosha mukono ku kichwa yake, utajua."

Masika alimtazama. Uso wake haukuwa na hasira. Afadhali ungekuwa nayo. "Basi nilikuwa nyuma yake," alisema, "nikililia mama yangu." Kisha akavuta kitenge mpaka kidevuni. "Munizike tu ku simitieri. Samy, turudie."

Kamate hakupanda mbele. Aliingia nyuma, akakiinua kichwa cha mkewe akakiweka mapajani, na mkono wa kuume juu yake. Samy akageuza gari kuelekea Goma, akapita polepole kati ya watu na magodoro yao. Kule mbele, kwenye kiti kisicho na mtu, hakuna aliyesukuma kishikio, na kipimo kikaendelea kuongeza nambari njia yote ya kurudi nyumbani.