Soseji za Uzi Mwekundu

Wiki tatu baada ya kumzika mkewe, mzee wa bucha alitengeneza soseji za maharage kama kila Jumamosi. Aliyaponda maharage, akayakanda na unga wa ngano na kitunguu saumu, akaviringisha donge moja moja kwenye kitambaa na kufunga ncha kwa uzi: mweupe kwa zenye chumvi, mwekundu kwa zisizo na chumvi. Mikono ilijiendea yenyewe. Moyoni hamkuwa na kitu, si uchungu wala njaa.

Binti yake alifunua sufuria. Sita zilikuwa na uzi mweupe, sita mwekundu.

"Baba," alisema taratibu, "hizi za uzi mwekundu si zilikuwa za mama?"

Mzee aliziangalia kama mtu aliyeletewa mzigo usio wake. Daktari alikuwa amemkataza mkewe nyama na chumvi. Kwa miaka miwili yeye, fundi wa soseji za ng'ombe, alimpikia hizi na kula naye ili asijione mpweke, ila zake alizitia chumvi.

"Zimeshaiva," alisema. "Zitaliwa."

Alikata uzi mwekundu, akamega kipande, akatafuna. Akatafuna weee. Binti alimsogezea kikopo cha chumvi, naye akakirudisha.

"Mama yako alikuwa akilalamika hazina ladha," alisema. "Nikamwambia aache kudeka."

Akameza, akachukua nyingine ya uzi mwekundu.