Kuzibua Sinki Jumapili

Sinki la jikoni kwa Ottfried liliziba Jumapili, siku ambayo katika jengo lao la Bremen, Ujerumani, hata kupiga chafya ni kesi. Alipoanza tu kulizibua kwa mpira wa kuzibulia, Bi Roswitha wa ghorofa ya chini akapanda. "Ottfried, kelele. Leo Jumapili."

Basi akalifungua bomba la chini ya sinki kimyakimya kama mwizi, maji machafu yakaijaza ndoo. Akaona kazi imekwisha, akaimwaga ndoo palepale sinkini, bomba likiwa bado sakafuni.

Bi Roswitha akapanda tena, amelowa chapachapa. Ottfried akafumba macho, akingoja matusi.

"Yamenimwagikia yote kutoka darini, na sikusikia chochote," akanong'ona yule mama. "Sasa ndiyo umekuwa jirani."