Kila Mwenye Jiko Juu ya Paa

Barua ya halmashauri ilisema kijiji chetu cha Chilundwe kina nyumba arobaini na moja. Niliisoma nimesimama, nikakaa, nikaisoma tena, hasira zikanipanda. Mimi Anitha ni mtendaji wa kijiji hiki mwaka wa saba sasa. Nikitoka na pikipiki alfajiri, jua linazama sijamaliza vitongoji. Leo naambiwa arobaini na moja!

Na haikuishia hapo. Kijiji kisichofika kaya mia mbili, walisema, kitaunganishwa na jirani. Jirani yetu yuko kilomita thelathini na mbili. Muhuri ungehamia huko, jina letu lingefutwa, na zahanati tuliyoipandisha kwa matofali yetu mpaka usawa wa madirisha ingekuwa zizi la mbuzi.

Siku ya tatu akaja afisa wao, Mustapha, kijana wa Majengo mjini, mpole, viatu vinang'aa. Alinionyesha picha iliyopigwa na droni: ardhi ya kahawia, miiba, na vibati vinavyometameta huku na kule.

"Mama mtendaji, mimi nimehesabu kilichopo."

"Umehesabu bati, kaka. Hapa pana nini?" Niliweka kidole katikati ya picha.

"Uwanja."

"Huo uwanja ndimo nilimozaliwa. Twende."

Nyumba ya mama yangu, Lydia, ni tembe: ndefu, fupi kwa kimo, paa lake udongo uleule wa uwanja. Ukiwa angani huwezi kuitenga na ardhi.

"Shikamoo mama," Mustapha alisema.

"Marahaba, baba. Inama, usijigonge."

Akainama, akatokea uani, akakuta majiko matano yanafuka. Moja la mama, manne ya wake wa kaka zangu. Tembe moja, kaya tano. Akayahesabu kwa kidole. Sikatai, nilifurahi kumwona akiyahesabu, lakini nami nilikuwa na aibu yangu. Kwenye semina za mjini walipotaja nyumba bora nilikuwa nainamisha uso, na yangu mwenyewe niliiezeka bati ili nisichekwe.

"Hiyo droni yako iko wapi?"

"Ipo kwenye gari. Lakini nikirusha tena, udongo utabaki udongo tu."

"Kesho saa nne asubuhi. Wewe rusha."

Jioni ile tangazo lilikuwa moja tu: kila mwenye jiko lake apande juu ya sehemu yake ya tembe, mmoja kwa jiko, na wenye bati wabaki chini. Mwezi wa nane mapaa ni makavu, na sisi tumezoea kupanda kuanika mtama. Hakuna aliyeuliza ngazi.

Saa nne nilisimama nje ya tembe ya mama nikatazama mbuga. Watu wameota juu ya ardhi kila upande, khanga nyekundu, shuka, mashati meupe ya kanisani. Mzee Sila, ambaye magoti yamemsumbua tangu masika, alikuwa juu amevaa koti la harusi yake. "Mbukwenyi!" walisalimiana paa kwa paa, wakijibizana na kucheka. Nilijivuna.

Kisha hofu ikanishika. Wengine walikuwa mbali malishoni na ng'ombe. Je, mia mbili tutafika? Droni ikaanza kuvuma, nami bila kufikiri sana nikapanda, nikasimama kando ya mama na wake wa kaka zangu.

Mama alinigeukia. "Jiko lako liko wapi hapa?"

"Mmoja tu, mama. Nani atajua?"

"Mimi nitajua. Wewe umeshahesabiwa na bati lako. Shuka, Anitha. Usituongezee. Tunatosha."

Nilishuka, mtendaji mzima, nimekaripiwa mbele ya mawifi. Droni ikapita juu ya kichwa changu.

Mustapha alihesabu watu kwenye picha mpya, juu ya boneti ya gari. Akamaliza, akafuta jasho, akarudia kutoka mwanzo kwa ncha ya kalamu. Safari hii alipomaliza alivua kofia.

"Mia mbili thelathini na nane," alisema. "Na bati sijaliweka."

Machozi yalinitoka na sikuyaficha. Nikampigia mama kelele kutoka pale chini: "Mama! Mia mbili thelathini na nane!"

"Na hao," alijibu, "ni wenye majiko tu."